Si Yetu, Walisema

Nianze na kosa langu mwenyewe, ili msomaji asije akadhani naandika kama mtu aliyesimama upande wa haki tangu mwanzo.

Mwaka jana, mwezi wa Mei, ilikuwa zamu yangu kuwasilisha kitabu katika kikundi chetu cha usomaji. Utaratibu wetu wanafunzi wa Kiswahili ni rahisi: kila mmoja huchagua riwaya aliyoisoma kwa Kiingereza au Kifaransa, akaieleza kwa Kiswahili kwa dakika ishirini, kisha wengine wakauliza maswali. Wahadhiri wawili hutujia wakipata nafasi. Mimi nilichagua The Deep, riwaya fupi ya Rivers Solomon iliyotoka Marekani mwaka 2019. Siku mbili kabla ya kikao, mwenyekiti wa kikundi, ambaye huwa tunampelekea maandishi yetu ayapitie, aliniita nje ya maktaba. Akaniambia wasilisho ni zuri sana, hasa pale nilipoeleza kumbukumbu na uponyaji, ila kuna aya mbili niziondoe. Ni zile zilizoeleza mapenzi ya Yetu na Oori. "Dada, hayo si yetu," akasema. "Watu wataacha kusikia jambo la maana, watabaki na hilo tu."

Nikaziondoa. Hakunilazimisha. Hata nilimshukuru.

Siku ya kikao maneno hayo, "si yetu", niliyasikia tena mara tatu, kutoka vinywa vitatu tofauti, maana habari ya aya zilizoondolewa ilikwisha kuzagaa. Mwenzetu mmoja aliniuliza kwa sauti kama ndani ya kitabu kuna hadithi ya mapenzi. Nikajibu, "Ipo kidogo, Oori ni rafiki yake, si jambo la msingi." Huo ulikuwa uongo. Makala haya ni ya kuufuta, na ni ya kubishana na mwenyekiti wetu, ambaye namheshimu na ambaye ameshajua kwamba naandika.

Kwa ambaye hajakisoma kitabu: katika biashara ya watumwa ya Atlantiki, mateka waliougua, waliokaidi au waliohesabiwa kuwa hasara walitupwa baharini wakiwa hai. Hilo halikubuniwa na mwandishi yeyote. Mwaka 1781 mabaharia wa meli ya Kiingereza iitwayo Zong waliwatupa watu zaidi ya 130, kisha wenye meli wakaenda mahakamani kudai bima ya mzigo uliopotea. Riwaya inauliza: na wanawake wajawazito waliotupwa, je? Halafu inajibu kifantasia. Watoto wao walizaliwa majini, wakaishi ndani ya maji kama walivyoishi tumboni, wakawa taifa chini ya bahari. Wazo hili halikuanza na Solomon. Wanamuziki wawili wa Detroit waliojiita Drexciya walilichapisha pamoja na muziki wao mwaka 1997. Kundi liitwalo clipping. likalitungia wimbo mwaka 2017. Ndipo Solomon akalipokea na kuliandikia riwaya. Napenda namna kitabu hiki kilivyopita mkono hadi mkono kama ngano za jioni, kila aliyepokea akaongeza lake.

Taifa hilo linaitwa wajinru. (Sikio la mwanafunzi wa Kiswahili halikosi kusikia ngeli ya A-WA hapo, na tulishabishana kama mmoja wao aitwe mjinru. Kitabuni jina linafafanuliwa kuwa ni kwaya ya kilindi.) Wajinru wameamua kwamba historia yao ni chungu mno kubebwa na wote, hivyo humchagua mmoja aibebe. Huyo hubeba kila kitu: minyororo, mama waliozama, wafu wa vita, kila uchungu wa kila babu na bibi, mwilini mwake. Wengine huishi wepesi, wakisahau. Mara moja kwa mwaka wanakusanyika, mbebaji anawagawia kumbukumbu kwa siku chache, wanalia, wanatetemeka, wanajua wao ni nani. Kisha anazichukua zote tena, nao wanaondoka wameshiba. Mbebaji wa sasa alitwishwa kazi hiyo akiwa na miaka 14. Tunapokutana naye mara ya kwanza, mama yake anamvuta kutoka katikati ya papa, kwa kuwa amechoka kiasi cha kutojali kama ataliwa au la. Jina lake, kwa herufi hizo hizo nne, ni Yetu.

Mimi sijawahi kuiona bahari. Maji makubwa niliyoyaona ni Ziwa Kivu, na mto ninaoufahamu ni Nyabarongo, ambao nauvuka kila ninapotoka nyumbani Kigali kwenda chuoni. Kwetu Wanyarwanda habari ya watu kutupwa majini haihitaji tanbihi. Tarehe 22 Novemba 1992, kule Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia mkutano wa hadhara kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya Nyabarongo. Haikupita hata miaka miwili, mito yetu ikabeba miili, Nyabarongo ikaikabidhi Akagera, Akagera ikaifikisha Ziwa Victoria, na wavuvi na wanavijiji wa Uganda ndio walioiopoa. Makaburi yao yako Kasensero, Lambu na Ggolo, na waliozikwa huko ni zaidi ya 10,000. Nilipofika pale riwaya inapoeleza wale mama wanavyozama, nilifunga kitabu nikatoka nje kwanza.

Hakuna aliyesema hilo si letu. Hapo ndipo wasilisho langu lilipopigiwa makofi.

Na walistahili kupiga makofi, kwa sababu mpango wa wajinru tunaujua majumbani. Katika ukoo wetu anayekumbuka ni shangazi yangu mmoja. Kaka zake hawasemi. Sisi tuliozaliwa baada ya mwaka 2000 hatuulizi. Ikifika tarehe 7 Aprili yeye ndiye huenda kwenye maombolezo, yeye ndiye ajuaye majina, na ndiye aliyewahi kubebwa na vijana wa msaada wa kwanza baada ya kuanguka katikati ya watu akipiga mayowe kana kwamba wauaji wako mlangoni. Kwa Kinyarwanda tunaita ihahamuka, neno ambalo ndani yake mna mapafu yaliyokosa pumzi. Baadaye tunamrudisha nyumbani, tunampikia, tunamwambia, "Shangazi, pumzika sasa." Na kimoyomoyo kila mmoja wetu anashukuru kwamba si yeye. Tunamheshimu sana shangazi. Wajinru nao walimheshimu sana Yetu.

Sasa swali nililolikwepa mbele ya wenzangu. Yetu anaponaje?

Katikati ya mkusanyiko wa mwaka, akiwa amekwisha kuwagawia kumbukumbu zote, Yetu anatoroka. Anawaachia mzigo wao, anapanda juu hadi ufukweni, anakwama kwenye kidimbwi cha mawe akiwa na majeraha. Watu wa pale wanamlisha. Mmoja wao ni Oori, mwanamke mvuvi, mkali, wa mwisho katika kabila lake. Wengine wote walimalizwa na ugonjwa. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni Yetu ni mwepesi. Halali na wafu. Kuna riwaya nyingi siku hizi zinazojiita za uponyaji ambazo zingeishia hapo hapo: umeteseka, sasa ondoka, jipende, kunywa chai. Wenzangu wanazipenda na mimi sizichukii, nimezisoma nyakati za mitihani. Lakini hii haiishii hapo, na sababu ya kutoishia hapo ni Oori.

Oori anaukataa wepesi huo. Yeye hana wa kumsimulia habari za watu wake, hana hata mmoja wa kumuuliza. Angebeba maumivu ya kiasi chochote ili apate kile ambacho Yetu amekitupa. Anamwambia hivyo, nao wanagombana. Ni ugomvi wa watu wawili ambao kila mmoja ameshakuwa wa lazima kwa mwenzake, ndiyo maana unamchoma Yetu hadi kumgeuza. Mgeni tu angemwambia maneno yale yale, Yetu angeogelea zake. Wazee wa wajinru walimwambia mengi kuliko hayo, na mama yake alimwambia, haikusaidia kitu.

Aya zangu mbili zilisema hivi. Nazirudisha zilivyokuwa, pamoja na ubaya wake wa lugha ya usiku wa manane:

"Yetu hajawahi kutazamwa kama mtu. Kwa wajinru yeye ni mtungi, wanauliza kama umejaa, hawaulizi kama una ufa. Oori ndiye wa kwanza kumuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Anamletea samaki, anakaa kando ya kidimbwi, na wanaulizana juu ya miili yao bila aibu. Wajinru hawagawanyiki kuwa waume na wake kama sisi, na Oori anauliza kama mtu anayetaka kujua, hana haja ya kuhukumu. Yetu, ambaye ngozi yake huumizwa na kila mtikisiko wa maji, anagundua kwamba kuna mtu ambaye kuwa naye karibu hakuumizi.

"Hivyo anajifunza kwamba uchungu unaweza kukaa kati ya watu wawili na hakuna anayevunjika. Hili analijifunza kwa Oori kwanza, kwa kumpenda, ndipo analipeleka kwa taifa zima. Anaporudi kilindini hazichukui tena kumbukumbu peke yake, na wajinru hawaziachi. Wanabaki nazo wote. Na Oori mwenyewe mwishowe anashuka naye majini. Mapenzi ya hawa wawili ndiyo mfano mdogo wa jinsi taifa lao litakavyoishi."

Ni hizo tu. Hakuna kitanda ndani yake, kama msomaji alikuwa akikisubiri. Ziondoe, na uponyaji wa Yetu unabaki bila chanzo. Inakuwa mtu alichoka, akapumzika, akarudi kazini. Ndivyo nilivyowasilisha, na nakumbuka mhadhiri mmoja aliuliza swali zuri sana: "Lakini ni nini hasa kilichombadilisha?" Nilijibu: umbali. Nilipewa alama nzuri kwa jibu hilo.

Sasa nijibu hoja. Nianze na ile iliyosemwa kwa sauti kubwa, kwamba hayo si yetu, ni ya Wazungu, yametujia na vitabu. Kwanza, Solomon ni mwandishi mweusi, na kitabu kizima ni cha watoto wa Waafrika waliotupwa majini. Tuliwapokea kwa makofi walipokuwa wanazama. Walipopendana tukawaambia ni Wazungu. Pili, twende kwenye sheria, kwa kuwa mwenyekiti wetu alitaja "maadili ya nchi". Wenzangu wa Kampala watakaosoma mkusanyiko huu wanaishi chini ya sheria iliyotiwa saini Mei 2023, ambayo ndani yake kuna hadi adhabu ya kifo. Wa Bujumbura wana kifungu kilichoingia katika sheria ya jinai mwaka 2009. Wao wakinyamaza siwalaumu, wana cha kuogopa. Lakini hapa Rwanda, mwaka huo huo wa 2009, kifungu kama hicho kilijadiliwa na hakikupita, na mpaka leo hakimo. Ndoa ni ya mume na mke, hilo limeandikwa katika katiba na sibishani nalo hapa. Ila hakuna sheria inayomkataza mwanafunzi kueleza kilichomo ndani ya riwaya. Kikundi chetu cha usomaji, chenye watu kumi na wanane na meza moja mbovu, kimekuwa kikali kuliko bunge.

Halafu kuna kicheko. Katika sehemu moja ya kitabu anaingia mbebaji mwingine wa kumbukumbu, wa zamani, aliyewaongoza wajinru kuinua mawimbi dhidi ya watu wa nchi kavu waliokuja kuchimba mafuta. Ni shujaa wa vita. Jina lake ni Basha. Nilipolitamka chumba kizima kilianguka vicheko, na mhadhiri mmoja akajifanya anatafuta kalamu sakafuni. Mimi pia nilicheka, lilinishinda. Lakini baadaye nilijiuliza: tulicheka nini? Tulicheka kwa sababu sote kumi na wanane, wengine waliojifunza Kiswahili hapa hapa Rwanda shuleni, tunalijua neno hilo na maana yake ya mtaani. Tunalijua na hanithi, na msagaji. Tunalijua shoga, ambalo mwanamke wa Mombasa au Unguja humwitia rafiki yake wa kike bila ubaya wowote, na ambalo likimfikia mwanamume linakuwa jiwe. Kitu kisicho chetu hakipati majina mengi namna hiyo, tena ya zamani, tena karibu yote ya kutukana. Kilichotukosekana ni neno la kumwita mtu bila kumpiga nalo. Sisi ni wanafunzi wa lugha. Kama kuna watu ambao kazi hiyo ni yao, ni sisi.

(Jambo dogo la kunifurahisha: kwa Kiingereza watu hugombana juu ya kiwakilishi cha kumtajia Solomon, ambaye hatumii kile cha kike wala cha kiume. Katika makala haya yote nimemtaja na hakuna aliyekwama. "Aliandika", basi. Kiswahili kilishalimaliza suala hilo kabla halijazaliwa, na Kinyarwanda vilevile.)

Hoja ya pili ilikuwa ya heshima zaidi, na ilitoka kwa dada mmoja wa mwaka wa tatu ambaye huwa hasemi ovyo. Alisema vitabu vya aina hii huwafundisha vijana kwamba ndugu wa damu wanaweza kubadilishwa na watu uliojichagulia mwenyewe, na kwamba hilo litaua ukoo. Yetu anamwacha Amaba, anamkimbilia mgeni. Nimelifikiria sana. Nadhani dada yangu amesahau mahali anaposoma. Mwaka 1996, katika chuo kikuu cha Butare, wanafunzi waliosalimika katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi walianzisha chama chao, AERG, na ndani yake wakaunda familia. Si kwa mfano tu. Wanafunzi walikaa wakachagua nani atakuwa baba na nani mama, wengine wakawa watoto, wakapeana majina ya ukoo mpya. Baba alikuwa na miaka ishirini na mbili, mtoto wake ishirini na moja. Walikwenda kuulizana ada, walilazwa wakatembeleana hospitali, walipooa na kuolewa wale wazazi wa kuchaguliwa walikaa kwenye viti vya wazazi. Binamu yangu mkubwa aliolewa hivyo. Mama aliyekaa pale mbele akipokea heshima zote alikuwa amesoma naye darasa moja, na hakuna mzee hata mmoja aliyethubutu kusema huyo si mama.

Sisemi mambo haya mawili ni sawa. Waliounda familia zile walifanya hivyo kwa sababu zao zilichinjwa, na sitaki mtu atumie uchungu wao kama ngazi ya kufikia hoja yake, hata kama hoja ni yangu. Nasema moja tu: nchi iliyomwona binti wa miaka ishirini akiwa mama wa watu sita wasio wa damu yake, na wakapona kwa hilo, haiwezi kudai kwamba haijui mtu anawezaje kuponywa na aliyemchagua. Tena Yetu hakumwacha Amaba. Aliporudi, Amaba ndiye aliyekuwa pale, na ni pamoja naye kwamba mzigo ulianza kugawanywa. Oori ndiye aliyemrudisha Yetu kwa mama yake. Dada wa mwaka wa tatu angelijua hilo kama nisingeliondoa.

Mhadhiri mmoja aliuliza kwa nini tuache mambo ya kweli tuhangaike na samaki watu. Hii sitaipotezea karatasi. Tunafundishwa Adili na Nduguze, ambamo ndugu wamegeuzwa manyani na kaka yao analazimika kuwachapa kila usiku huku moyo unamuuma, na katika mtihani tunaandika kurasa nne juu ya husuda na msamaha bila kuuliza kama nyani huyo ni wa kweli.

Inabaki hoja ya mwenyekiti mwenyewe, ile ya nje ya maktaba, na ndiyo ngumu kwa sababu ina wema ndani yake. Watu watabaki na hilo tu. Tuwape kumbukumbu, tuwape watumwa, tuwape Nyabarongo, wapone. Haya mengine yakae pembeni kwa muda. Swali langu ni: yakae pembeni kwa nani? Maana jambo likiondolewa katika mazungumzo halipotei, linabebwa na mtu. Katika chumba cha watu kumi na wanane siwezi kujua nani anabeba nini, wala mwenyekiti hawezi. Lakini kama yumo mmoja, siku ile aliketi akatusikia tukichukua kutoka katika kitabu kile kila kitu kilichotufaa sisi, tukamwachia yeye peke yake kilichobaki, tukaondoka wepesi kwenda kunywa soda. Tulikuwa tumetoka kulaani desturi hiyo hiyo ya wajinru kwa dakika ishirini. Nilikuwa nimeilaani mimi, kwa slaidi.

Nisidhaniwe nakisifu kitabu kama msahafu. Kina kasoro. Sehemu ya Basha na vita ni fupi mno, inapita kama muhtasari wa habari. Oori amechorwa kwa mistari michache, na pale anaposhuka majini mwishoni nilitaka kurasa kumi zaidi, nikapewa chache. Na Solomon anapenda kutuambia Yetu anahisi nini wakati tulishaliona. Ningependa wenzangu wanibishie juu ya hayo. Ningependa mtu asimame aseme mapenzi ya Yetu na Oori hayakuandikwa vizuri, yalikuja haraka, hayashawishi. Ningejitetea au ningeshindwa, na ungekuwa mjadala wa fasihi.

Baada ya kikao, tukiwa tunakunja viti, alinijia mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza, mtu mkimya, aliyekuwa amehudhuria mara mbili tu. Akaniuliza taratibu, "Dada, ulikisoma hadi mwisho?" Nikasema ndiyo. "Basi kwa nini umesema Oori ni rafiki yake?" Nilimwambia muda ulikuwa mfupi. Alinitazama, akasema sawa, akachukua begi lake. Hajarudi kikundini tangu siku hiyo. Sijui habari zake na sina haki ya kuzikisia; pengine ni mtu asiyependa tu kusikia kitabu kikisimuliwa vibaya. Hata hivyo nimemfikiria mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza.

Aprili mwaka huu nilikwenda na shangazi kwenye maombolezo. Sikwenda kumbeba akianguka. Vijana wa kazi hiyo wapo. Nilimwomba anifundishe majina. Alininyamazia siku nzima, nikadhani nimemkosea. Usiku, akimenya viazi, akanipa matatu, na la nne akaniambia nilisubiri, bado hajaweza. Matatu hayo ninayo. Kaka yangu mdogo naye ameuliza kama anaweza kupewa lake.

Nimemwomba mwenyekiti zamu nyingine, kitabu kile kile, dakika zile zile ishirini. Amesema nimpelekee maandishi ayapitie kwanza, kama kawaida. Nimempelekea na aya zimo, ukurasa wa tatu. Hajajibu, lakini jina langu halijafutwa kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni. Yule mdogo wetu nimemtumia ujumbe kwamba ni Alhamisi, saa kumi jioni, chumba kile kile.